Chumba cha Sita na Mwenzake

Jamani, hapa Tukuyu wapo watu ambao mpaka leo nikipita sokoni na kapu langu wananiita, "Bibi harusi, hujafika tu huko uendako?" na mimi nacheka nao, maana mtu ukishaburuta mashuka ya gesti nzima mbele ya stendi, mchana kweupe, abiria wa basi la Kyela wakitoa vichwa madirishani, hubakiwi na aibu nyingine ya kuficha. Ilitoka yote siku ile. Kwa hiyo kaeni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wanaosimulia mtaani wanaongeza chumvi (eti nilivua viatu nikavirusha, si kweli, kiatu kimoja kilivuka chenyewe).

Ilikuwa ile miaka soko huria ndiyo limeingia, kila kitu ruksa, mitumba imening'inizwa mpaka kwenye uzio wa soko, kila mwenye kiwanja kando ya barabara anajenga duka au gesti, lakini ajira zenyewe zilikuwa zinayeyuka kama ukungu wa asubuhi. Sisi shuleni tuliimbiwa soma, mtoto, ukimaliza serikali itakuona. Tulipomaliza tukakuta serikali inawapunguza hata wale iliowaona zamani. Mume wangu Lusajo alikuwa karani wa ushirika, akapunguzwa, akawa anatengeneza redio za watu kibarazani kwetu. Wasichana niliosoma nao walikuwa wanachuma chai kwenye mashamba ya watu au wameshaolewa wanalima. Mimi nilikuwa na elimu yangu ya msingi, cheti cha kushona nilichopata kanisani, na ndoto moja ambayo nilikuwa siwaambii watu: nilitaka kukaa nyuma ya meza ya mapokezi. Msinicheke. Nilimwona dada mmoja kwenye hoteli kule Mbeya, siku nimemsindikiza shangazi hospitali, tumechoka, tumelowa, dada akainua uso akasema, "Karibuni sana, safari ilikuwaje?" na shangazi yangu ambaye alikuwa hajatabasamu tangu Kiwira, akatabasamu. Nikasema moyoni, kumbe ipo kazi ya kumpumzisha mtu kwa neno tu! Hiyo ndiyo yangu.

Basi Mama Zuhura, mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, akajenga gesti. Vyumba vinane, mgahawa mdogo, na meza ya mapokezi iliyopakwa vanishi mpaka unajiona uso. Niliposikia anatafuta msichana, nilikuwa mlangoni kwake kabla hajamaliza kutafuta.

"Umesoma mpaka la ngapi?" akaniuliza.

"Nilimaliza la mwisho la msingi, mama."

"La saba?"

"Hilohilo, mama."

Akaniangalia kidogo, lakini akaendelea. Akanipa kitabu nisome kwa sauti, nikasoma. Akaniambia nijumlishe, nikajumlisha. Mwisho akasema, "Nitakujaribu kwa wiki mbili. Yupo binti wa Kiwira ana kidato cha nne, anasubiri jibu langu. Ukinifaa unabaki, usiponifaa namwita yeye. Sasa niambie ukweli, mwanangu, kuna jambo lolote usiloweza? Sema sasa hivi, usinifiche."

Hapo ndipo. Hapo hapo ndipo mkasa wote ulipotungwa mimba, kwa sababu jambo lilikuwepo, moja tu, dogo, na mimi nikatabasamu nikasema, "Hakuna, mama. Naweza yote."

Inabidi niwaeleze wale wasiotujua. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa haonani uso kwa uso na baba mkwe. Mkikutana njiani yeye anakohoa, wewe unaingia migombani mpaka apite. Na jina lake hulitaji, wala neno linalofanana nalo. Siku hizi wapo wanaolegeza, hasa wa mjini, lakini mama mkwe wangu alinifundisha kwa mkazo, na mimi nampenda mama yule, nilishika kama katekisimu. Sasa baba mkwe wangu, mzee wa Kisondela, alizaliwa mtoto wa saba, na baba yake alikuwa ametoka migodini Chunya na Kiswahili kidogo cha kuringia, akamwita Saba. Mzee Saba. (Leo nalitaja bila kutetemeka, mtaona kwa nini.) Kwa hiyo mimi tangu niolewe nilikuwa sina namba hiyo. Ilifutika. Nikihesabu mayai nahesabu nne, tano, sita, halafu "sita na mwenzake," halafu nane. Mama mkwe ndiye alinifundisha, na nyumbani kila mtu alielewa. Saa saba mchana ilikuwa "saa ya sita na mwenzake". Hata kanisani pastori akisoma zile siku za uumbaji nilikuwa naziba sikio moja.

Siku ya kwanza kazini nikakuta fundi amemaliza kupaka namba kwenye milango. Moja mpaka nane, kwa rangi nyekundu, kubwa kama magurudumu. Ningemwambia Mama Zuhura saa ile, angecheka, angetafuta njia. Lakini nikamfikiria binti wa Kiwira na kidato chake cha nne, nikanyamaza. Nikabuni ujanja: kila mgeni wa chumba kile nilimbebea begi nikampeleka mpaka mlangoni, nikamwonyesha kwa mkono, "Karibu, ndiyo hiki." Mama Zuhura akafurahi mno. Akawa anawaambia watu, "Atupele ana ukarimu, anamfikisha mgeni mpaka kitandani!" Na mimi nikawa navimba kichwa, kumbe naficha mwiko kwa mabegi ya watu.

Kulikuwa na jambo la pili. Mzee mwenyewe alikuwa hajui kama nafanya kazi. Lusajo alisema, "Baba akisikia mkwe wake anakaa gesti akipokea wanaume, ataniita Kisondela nikae chini nisemwe. Tumwambie ukipata kazi kamili." Tukakubaliana hivyo.

Sasa siku yenyewe. Wiki ya pili ilikuwa inaelekea mwisho, na mvua ya Tukuyu mnaijua, ilikuwa imenyesha tangu alfajiri bila kupumua. Mashuka tuliyofua tuliyaanika kwenye kamba ndefu chini ya paa la uani, hayakauki, yananing'inia tu kama watu waliokata tamaa. Mara basi moja likaharibika pale stendi, abiria wakamiminika kwetu, mapokezi pakajaa maji na mabegi, niko peke yangu. Katikati yao akaingia Bwana Elia. Huyu alikuwa mnunuzi wa ndizi kutoka Dodoma, mwembamba, mpole, mwenye koti lililolowa likamganda, na Mama Zuhura alishaniambia, "Huyo akilala vizuri, wanunuzi wenzake wote watalala kwangu. Mtunze kama yai."

Chumba kilichobaki ni kimoja. Mnakijua.

Nikatazama mlango, nikatazama foleni ya watu, nikaona siwezi kuacha meza. Nikampa ufunguo, nikatabasamu lile tabasamu la dada wa Mbeya, nikasema, "Karibu sana, mzee, chumba chako ni cha sita na mwenzake."

Akakunja uso. "Na mwenzake?"

"Ndiyo, mzee. Moja kwa moja na korido, mkono wa kulia."

Akauliza kitu kingine, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati, sikusikia, na nyuma yake mtu anataka chai, mwingine anauliza choo kiko wapi, kwa hiyo nikaitikia tu kwa kichwa. Yeye akashusha pumzi, akasema (hili nililisikia), "Haya, shida ya usafiri. Mradi awe mtu mstaarabu." Akaenda. Na mimi, mjinga, nikajiambia, ana maneno ya ajabu huyu Mgogo, nikaendelea na wa chai.

Chumba cha sita alikuwa amepanga Mama Vitenge, mfanyabiashara wa Tunduma, mkubwa wa mwili na wa sauti, mwanamke ambaye akikohoa chumbani kwake, vikombe vya mgahawani vinaitikia. Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu. Amejifunga kanga, amekaa chini anapanga bidhaa zake, ameupa mlango mgongo, na chumba kina giza la mvua. Bwana Elia (alivyotusimulia mwenyewe baadaye, na kichwa kimefungwa kitambaa) akagonga, hakusikiwa kwa ajili ya mvua, akasukuma, akaingia, akaweka begi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kuvua viatu, na kwa adabu zake zote akasema, "Hodi, mwenzangu. Mapokezi wameniambia tutalala wote. Mimi sikoromi."

Sauti iliyotoka mle ndani sijawahi kuisikia tena. "Mwiziiii! Mbakajiii! Tokaaa!" Halafu paa! Halafu paa! Kumbe anampiga kwa kibao anachozungushia vitenge vyake. Nilipofika uani, Bwana Elia alikuwa amekimbilia huko na kiatu kimoja mkononi, Mama Vitenge nyuma yake na kibao, na abiria wote wa basi lililoharibika wamejipanga kwenye korido kama wako sinema.

"Nimeambiwa na yule dada!" Bwana Elia analia. "Muulizeni yule dada! Ameniambia cha sita na mwenzake!"

"Mwenzake ni nani?" Mama Vitenge akanguruma. "Mimi ni mwenzio? Mimi mume wangu yuko Tunduma ana gari!"

Mama Zuhura akatokea jikoni, mtandio umelegea. "Atupele! Umempa mgeni wangu chumba gani?"

"Cha sita na mwenzake, mama."

"Mmesikia!" akapiga kelele Bwana Elia. "Mmesikia wenyewe!"

"Mwanangu," Mama Zuhura akasema taratibu, na taratibu yake ilitisha kuliko kelele, "vyumba vyangu vina namba. Nitajie namba."

Nikafungua mdomo. Naapa nilijaribu. Nilifika "sss" nikaishia hapo kama tairi lililotobolewa. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Dada hajui kuhesabu huyo! Gesti imeajiri mtu hajui kuhesabu!" Mwingine akasema, "Si ndiyo hao, kazi wanapeana kwa kujuana." Hilo liliniuma kuliko yote, maana kama kuna kitu nilikuwa sina, ni mtu wa kujuana naye.

Na wakati huo huo, geti likalia. Mtu anaingia anasukuma baiskeli iliyopakiwa mikungu ya ndizi, koti la mvua mpaka magotini, kofia imelowa, na kijana wa jikoni akaita kwa furaha, "Aaa, karibu Mzee Saba! Leo umechelewa!"

Mama Zuhura alikuwa na muuza ndizi mpya, tangu juzi. Hakuna aliyeniambia jina lake, na mimi sikuuliza.

Sikufikiri. Miguu ndiyo ilifikiri. Mkono ukashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, ni shuka jeupe, nikajifunika kichwa chote na uso, nikageuka nikakimbia. Sasa shuka lile lilikuwa limefungwa na vibanio kwenye kamba, na kamba ilikuwa na mashuka mengine yote, nikasikia kitu kinakatika, pwaa! nikadhani ni mtu ananivuta, nikaongeza mbio. Nikatoka kwa geti dogo la pembeni, sioni mbele, nafuata mteremko tu, na nyuma yangu mashuka yote yanakuja juu ya matope, moja baada ya jingine, kama treni.

Stendi nzima ikasimama. Nikasikia mtu anasema, "Mwe! Bibi harusi anatoroka!" na kina mama wanaouza maharage wakapiga vigelegele, wakidhani wananipa moyo. Mmoja akapaza sauti, "Kimbia, mwanangu, kama humtaki kimbia!" Kondakta wa basi la Kyela akagonga bodi, "Panda, dada, nakupeleka bure!" Kiatu kikavuka. Nikapita stendi, nikapita vibanda vya mitumba (shuka moja likanasa suruali mbili, zikajiunga na msafara), nikafika kwenye mtaro mkubwa wa barabarani, na kwa kuwa mtaro hauna habari na mtu aliyejifunika uso, ukanipokea mzima mzima.

Nilikaa mle kwenye maji nikalia. Siwadanganyi. Sikulia kwa kuumia, nililia kwa sababu nilimwona binti wa Kiwira amekaa nyuma ya meza yangu ya vanishi anasema "Karibu sana, safari ilikuwaje?" na anajua namba zote.

Aliyekuja kunitoa ni Mama Zuhura mwenyewe, amepandisha gauni mpaka magotini, hasira zote zimegeuka mshangao. "Wewe mtoto una nini? Una mapepo?" Ndipo nikamwambia. Kila kitu, pale pale mtaroni, jina la mkwe, mwiko, mabegi ya wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho akaguna. "Na mimi nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza uso kwa uso." Tukarudi tunakusanya mashuka njia nzima, yeye mbele, mimi nyuma, watu wanashangilia.

Kwenye geti akaniacha nyuma ya ukuta. Nikamsikia anaingia, anaongea na mtu. Halafu nikasikia kikohozi. Kile kikohozi cha njiani, cha kuniambia niingie migombani, ila safari hii kilikuwa karibu, upande wa pili wa ukuta, na mzee alikuwa ameupa ukuta mgongo, niliona kofia yake tu kwa juu.

"Mama Suhura," mzee akasema kwa Kiswahili chake cha Kisondela, ambacho "kazi" inakuwa "kasi", na alisema polepole ili aliye upande wa pili asipitwe na neno, "nwambie huyo ntoto. Kunificha wamenificha, hiyo nitaongea na Lusajo. Lakini kasi ni kasi. Mimi ni Saba wa Kisondela. Hiyo ya mlangoni ni saba yako wewe, mimi silali humo, na wala sikulipwa kuweka jina langu. Kuonana tusionane, tubaki na heshima yetu. Ila jina, hapa kasini, nimelifungua. Alitaje."

"Umesikia, Atupele?" Mama Zuhura akaniuliza, kana kwamba nilikuwa Mbeya.

"Mwambie baba nimesikia. Mwambie ndaga fijo, asante sana."

"Ataje sasa," mzee akasema, "nisikie kama ntoto anawesa kasi."

Mvua yenyewe ilikuwa imepungua. Nikavuta pumzi, nikafumba macho, neno likakwama, nikalisukuma, likakwama, nikalisukuma kwa nguvu zote za miaka yote niliyolimeza, na likatoka kama mtu anayeitwa toka ng'ambo ya mto: "SABAAA!"

Na mzee wa watu, hajawahi kuitwa na mkwe maishani mwake, akaruka akaitika, "Naam!"

Jamani. Mama Vitenge ndiye alianza. Alicheka mpaka akaegemea mkungu wa ndizi, abiria wakacheka, Bwana Elia akacheka huku ameshika nundu yake, na nikasikia upande wa pili wa ukuta sauti nisiyoijua, kavu, inakwaruza, nikagundua ni baba mkwe wangu anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Mwiko ulininyima hata hilo.

Bwana Elia alilala chumba namba saba, nikakitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Asubuhi alinunua mikungu yote ya mzee na kuagiza mingine. Mama Zuhura alinifulisha mashuka yote upya peke yangu, na suruali mbili za watu, halafu akasema, "Utaendelea. Yule wa Kiwira nitamtafutia nafasi mgahawani, wageni wanaongezeka. Lakini siku ukinificha tena jambo, mtaro utakuwa kitanda chako."

Nami niliapa, na kiapo changu mkichukue bure ninyi mnaozunguka na vyeti vyenu mkitafuta kazi: sitamwambia tena mtu anayeniajiri kwamba naweza yote. Nasema ninachoweza, halafu nasema kile kimoja kinachonishinda, hata kama ni cha kuchekesha, hata kama nyuma yangu yupo mwenye kidato cha nne. Mtu mmoja akicheka ofisini ni afadhali kuliko stendi nzima.

Mzee hakuishia hapo. Wiki iliyofuata alileta ndizi, akakohoa getini, nikaingia nyuma ya mlango wa stoo kama inavyotakiwa. Akabaki amesimama, hashushi mzigo. Mwisho akaiambia baiskeli yake, "Mama Suhura, nuulise huyo wa mlangoni. Kasi hii inasomewa wapi? Nina ntoto wangu wa mwisho, Tusekile, amemalisa shule, amekaa tu, nilikuwa natafuta wa kumwoa."

Mama Zuhura hakuwepo, alikuwa dukani. Nilijua, na yeye alijua.

"Mwambie baba," nikaujibu ule mlango wa stoo, "Mbeya kuna mafunzo. Lakini aanze kwa kumleta hapa Jumatatu, nitamfundisha mwenyewe, aone kama anaipenda."

"Nwambie nimesikia," mzee akasema, akaanza kushusha ndizi.

Tusekile alikuja, wifi yangu yule, mkali wa hesabu, na miezi iliyofuata akaenda Mbeya kusoma na mzee mwenyewe akalipia kwa ndizi. Likizo moja akaja ananong'ona, kuna kijana wa Kyimo anamtaka, mzuri, mchapakazi, ana shamba la chai. Nikafurahi, nikamkumbatia, halafu nikamwuliza swali langu la kwanza siku hizi kwa msichana yeyote mwenye kazi: baba yake huyo kijana anaitwa nani?

"Mzee Shilingi," akasema.

Nikamkalisha chini.